Kifaa cha Kupima Sukari Mfululizo: Namba, Mshale na Dalili za Mwili

Mtu anayeishi na kisukari hufanya uamuzi kuhusu sukari yake mara nyingi kwa siku: ale nini na kiasi gani, achome insulini yuniti ngapi, atembee au apumzike, alale au ale kitu kwanza. Kwa miaka mingi uamuzi huo umetegemea tone la damu la kidole. Kipimo hicho ni cha kutegemewa, lakini hueleza hali ya dakika ile tu. Mtu aliyepima saa mbili asubuhi akapata 6.8 hajui kilichotokea saa nane usiku, wala hajui kama namba hiyo ilikuwa ikipanda au ikishuka alipoisoma.

Kifaa cha kupima sukari mfululizo kimebuniwa kuziba pengo hilo. Baadhi ya watu hukinunua katika maduka ya dawa ya mijini, wengine hutumiwa na ndugu walio nje ya nchi, na wengine hukiagiza kwa mtandao. Wengi hukipokea bila maelekezo ya kutosha, na hapo ndipo hatari huanzia. Mtumiaji wa insulini anayeamini namba isiyo sahihi anaweza kujichoma dozi ambayo mwili wake hauihitaji, sukari ikashuka hadi akapoteza fahamu.

Kwa hiyo somo hili lina jambo moja kuu la kufundisha: kifaa hiki ni shahidi mzuri, lakini kisiachiwe kutoa hukumu peke yake. Namba, mshale na dalili za mwili husomwa kwa pamoja. Vikipingana, pima damu ya kidole kabla ya kuchukua hatua.

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza kifaa kinapima nini, kusoma matokeo yake, kutambua wakati wa kutoyaamini, kununua kifaa kilicho salama, na kutoa taarifa pale kinapokuwa na kasoro.

1. Kifaa kinapima nini

Sehemu kuu ya kifaa ni kihisi: kidude kidogo kinachobandikwa nyuma ya mkono wa juu au, kwa baadhi ya aina, tumboni. Wakati wa kukibandika, sindano huingiza uzi mwembamba chini ya ngozi kwa kina cha milimita chache, kisha sindano hutoka na uzi hubaki. Kihisi hutuma matokeo kwenye simu au kwenye kisomaji maalumu, kila dakika moja hadi tano kulingana na aina yake. Kihisi kinachotuma kila baada ya dakika tano humpatia mtumiaji namba 288 kwa siku. Aina nyingi hukaa mwilini siku 10 hadi 15, kisha hutolewa na kubandikwa kingine.

Katika vihisi vingi, uzi huo una kimeng'enya kinachokutana na sukari ya mwili. Mmenyuko wao huzalisha mkondo mdogo sana wa umeme, na kifaa huugeuza mkondo huo kuwa namba. Jambo hili likumbukwe, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya dawa huvuruga matokeo.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kihisi hakipimi damu. Hupima maji yaliyo kati ya seli, chini ya ngozi. Sukari huingia kwanza kwenye damu, kisha hupenya hadi kwenye maji hayo. Damu tuifananishe na mto, na maji hayo tuyafananishe na mfereji wa shambani: mto ukijaa, mfereji hujaa baadaye kidogo, mto ukipungua, mfereji huendelea kuwa na maji kwa muda. Kwa kawaida kihisi huchelewa dakika 5 hadi 15 nyuma ya damu. Sukari ikiwa imetulia, ucheleweshaji huo hauna athari kubwa. Ikiwa inapanda au kushuka kwa kasi, kama baada ya mlo, baada ya insulini au wakati wa kazi nzito, namba ya kihisi na ya kidole zinaweza kutofautiana sana, na vifaa vyote viwili vikawa vizima.

2. Kusoma matokeo

Anza na kizio. Nchini Tanzania na Kenya vituo vingi vya afya hutumia milimoli kwa lita, yaani mmol/L. Vifaa vinavyotoka Marekani hutumia miligramu kwa desilita, yaani mg/dL. Kubadili mmol/L kuwa mg/dL, zidisha kwa 18. Hivyo 3.9 ni sawa na 70, 6.0 ni sawa na 108, na 10.0 ni sawa na 180. Kabla ya kutumia kifaa kwa mara ya kwanza, tazama kizio kilichoandikwa pembeni ya namba, na uwafahamishe watu wa nyumbani pia. Mwanafamilia aliyezoea kuona 6 akikutana na 108 anaweza kupata hofu isiyo na sababu na kuharakisha hatua isiyofaa.

Pili, soma namba pamoja na lengo. Mwaka 2019 wataalamu wa kisukari wa mataifa mbalimbali walikubaliana juu ya viwango vya kutumia na vifaa hivi. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni sukari kuwa kati ya 3.9 na 10.0 mmol/L kwa zaidi ya asilimia 70 ya siku, yaani takriban saa 17. Muda wa kuwa chini ya 3.9 usifike asilimia 4, ambayo ni karibu saa moja kwa siku, na muda wa kuwa chini ya 3.0 usifike asilimia 1, ambayo ni karibu robo saa. Kwa wazee na watu walio katika hatari kubwa ya sukari kushuka, lengo hulegezwa: zaidi ya nusu ya siku ndani ya kiwango hicho, na muda chini ya 3.9 usifike asilimia 1. Kwa mjamzito mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kiwango hubana na kuwa 3.5 hadi 7.8. Lengo lako binafsi liwekwe na mtoa huduma wako wa afya.

Tatu, soma mshale. Mshale wa kulala humaanisha sukari imetulia. Mshale wa mshazari humaanisha inabadilika kwa kasi ya wastani. Mshale uliosimama wima, wa kupanda au wa kushuka, humaanisha mabadiliko ya haraka. Katika vifaa vingi ni zaidi ya 0.1 mmol/L kwa kila dakika. Tuchukue mfano wa watu wawili wanaotaka kulala, kila mmoja akiwa na 6.0. Wa kwanza ana mshale wa kulala: anaweza kulala. Wa pili ana mshale wima wa kushuka: ikiwa kasi hiyo itaendelea, baada ya dakika 20 atakuwa na 4.0 au chini yake, naye atakuwa usingizini. Namba yao ni moja, lakini hali zao ni tofauti.

Nne, sikiliza mwili. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuona ukungu na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara na uchovu ni dalili za sukari kupanda. Dalili hizi zisipuuzwe kwa sababu tu simu inaonyesha namba nzuri.

3. Wakati wa kutoiamini namba

Zipo hali zinazojulikana ambazo matokeo ya kihisi huweza kupotoka. Mtumiaji azijue kwa moyo.

Siku ya kwanza. Baada ya kubandikwa, kihisi huhitaji muda wa kujiandaa, kati ya nusu saa na saa mbili kulingana na aina. Hata baada ya muda huo, usahihi wake katika saa 24 za kwanza huwa mdogo kuliko siku zinazofuata.

Kulalia mkono. Mtu akikilalia kihisi, mzunguko wa maji chini ya ngozi hupungua mahali hapo, na kifaa huonyesha sukari imeshuka ilhali haijashuka. Kengele ikilia usiku wa manane, geuka, keti, kisha pima kidole. Mtu anayekunywa soda kila kengele inapolia huamka asubuhi na sukari ya juu bila kujua chanzo chake.

Dawa na virutubisho. Baadhi ya vihisi husoma namba ya juu kuliko halisi mtumiaji anapomeza parasetamoli kwa kiasi kikubwa. Vingine huathiriwa na vitamini C inayozidi miligramu 500 kwa siku, kiasi ambacho ni rahisi kukifikia kwa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji ambavyo watu wengi hunywa wakati wa mafua. Haidroksiyurea, dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi wa selimundu, huvifanya baadhi ya vihisi vionyeshe namba ya juu kupita kiasi. Kosa la aina hii ndilo la hatari zaidi kwa mtumiaji wa insulini, kwa sababu humwita ajichome wakati sukari yake iko sawa au hata iko chini. Soma kijitabu cha kifaa chako, sehemu ya dawa zinazoingiliana nacho, na umweleze mfamasia dawa zote unazotumia kabla ya kununua.

Upungufu mkubwa wa maji mwilini. Kuhara, kutapika na homa kali vinaweza kupotosha matokeo. Katika siku za ugonjwa, pima kidole mara kwa mara.

Kwa jumla, pima damu ya kidole pale dalili zisipolingana na namba. Pale mshale unapoonyesha mabadiliko ya haraka nawe unataka kujichoma insulini. Pale kifaa kisipoonyesha namba au mshale. Na katika siku ya kwanza ya kihisi kipya. Kwa sababu hiyo, anayetumia kihisi asiache kuwa na mashine ya kidole na stripu ambazo muda wake haujaisha.

Kidole nacho kina sharti lake: mikono iwe safi na mikavu. Mtu aliyetoka kumenya embe au kukoroga chai ya sukari, akapima bila kunawa, atapata namba ya juu inayotokana na sukari iliyobaki kwenye ngozi. Nawa kwa sabuni, kausha, kisha pima.

4. Sukari inaposhuka, na inapokataa kushuka

Sukari ikiwa chini ya 3.9 na mgonjwa ana fahamu, ampatie mwili gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, vikiyeyushwa katika maji, au takriban mililita 150 za soda yenye sukari. Subiri dakika 15, kisha pima kidole. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda, kula kitu cha kukutegemeza ikiwa mlo unaofuata uko mbali.

Hapa kipimo cha kidole kina umuhimu wa pekee. Kwa kuwa kihisi huchelewa, kinaweza kuendelea kuonyesha namba ya chini na hata mshale wa kushuka wakati damu imekwisha kupata sukari ya kutosha. Anayekitazama kihisi peke yake huongeza glasi ya pili na ya tatu, na saa moja baadaye hujikuta na 15.

Mgonjwa aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu, apewe sindano ya glukagoni ikiwa ipo na kuna anayeijua, na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Upande wa pili, kuona namba ya juu kila dakika huwafanya watu wengine wakose subira. Hujichoma insulini, hutazama simu baada ya nusu saa, huona namba haijashuka, kisha hujichoma tena. Insulini ya kawaida ya muda mfupi huendelea kufanya kazi kwa saa 5 hadi 8, na zile za kasi zaidi kwa saa 3 hadi 5. Dozi ya pili hurundikana juu ya ya kwanza, na zote mbili hushusha sukari pamoja, mara nyingi usiku. Usiongeze dozi kabla ya muda uliopangiwa na daktari wako. Ikiwa sukari imekaa juu ya 13.9 kwa saa kadhaa, nawe una kichefuchefu, maumivu ya tumbo au unapumua kwa kasi, nenda hospitali bila kuchelewa.

5. Kengele na simu

Vifaa vingi hulia sukari inapokaribia kushuka au kupanda mno. Kengele hiyo hupitia kwenye simu, na simu ina mambo mengine mengi. Februari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za watumiaji wa vifaa vya kisukari waliokosa kengele kwa sababu ya mipangilio ya simu zao. Mtumiaji achukue hatua zifuatazo:

- Ruhusu programu ya kihisi kutoa sauti hata simu ikiwa kimya.
- Hakikisha hali ya kuokoa chaji haiizimi programu hiyo.
- Ukiunganisha simu na spika au vipokea sauti vya masikioni, jua kwamba kengele inaweza kulia huko, nawe usiisikie.
- Zima usasishaji wa simu unaojiendesha wenyewe, na kabla ya kusasisha thibitisha kwamba programu ya kihisi inakubaliana na toleo jipya.
- Walau mara moja kwa mwezi, hakiki kwamba kengele inasikika.
- Usiku, weka simu karibu na kitanda ikiwa na chaji. Vihisi vingi hufikia mita chache tu, na kuta hupunguza umbali huo.

Baadhi ya programu humruhusu ndugu kuona namba zako akiwa mbali. Ni msaada mkubwa kwa mzazi wa mtoto mwenye kisukari. Kumbuka, hata hivyo, kwamba taarifa za afya ni taarifa binafsi, na nchini Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Chagua mwenyewe nani azione, na usirushe picha za matokeo yako katika makundi ya watu usiowajua.

6. Mchoro wa siku ni mwalimu

Faida kubwa ya kifaa hiki katika maisha ya kila siku ni mchoro wa saa 24. Mchoro huo humwonyesha mtumiaji jinsi mwili wake unavyoupokea mlo wake, si mlo wa kitabuni.

Ili mchoro ufundishe, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Tuseme kila siku baada ya chakula cha mchana mchoro unapanda hadi 14. Siku ya kwanza, punguza ugali kwa theluthi moja na uongeze mboga za majani na maharage, bila kubadili kitu kingine. Siku ya pili, rudia mlo wa zamani lakini utembee dakika 15 mara baada ya kula. Linganisha michoro. Pengine utaona kwamba kutembea kunakusaidia zaidi, au kwamba tatizo halikuwa ugali bali soda au juisi ya kusindikiza. Ukibadilisha kila kitu kwa siku moja, hutajua kilicholeta nafuu. Mtumiaji wa insulini au vidonge vinavyoshusha sukari ashauriane na kliniki kabla ya kupunguza chakula, ili dozi nayo irekebishwe.

Usiogope kila kilima. Sukari ya kila binadamu hupanda baada ya kula. Mtu anayeacha wali, matunda na hata uji kwa kuogopa mchoro anaweza kudhoofika na kushusha sukari kupita kiasi. Tafuta mwenendo unaojirudia kwa siku tatu au zaidi.

Kwa wanaofunga Ramadhani, mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unaelekeza kwamba mfungaji afungue ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9 au imezidi 16.6 mmol/L, au akijisikia vibaya. Zungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya mfungo, ili apime kama unaweza kufunga na arekebishe dawa zako.

7. Kabla ya kununua

Vifaa tiba vinavyouzwa Tanzania Bara vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Zanzibar, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Na nchini Kenya, na Bodi ya Famasia na Sumu. Nunua katika duka la dawa lililosajiliwa, dai risiti, kisha kagua yafuatayo.

Boksi. Lakiri isiwe imefunguliwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo vionekane wazi. Kihisi hutumika mara moja. Kilichotolewa mwilini hakiwezi kutumiwa tena na mtu mwingine.

Joto. Boksi huonyesha kiwango cha joto la kuhifadhia. Kwa baadhi ya aina, kikomo ni nyuzi 25 za Selsiasi, na kwa nyingine ni 28 au 30. Mchana wa Januari na Februari, Dar es Salaam huzidi nyuzi 30 mara kwa mara, na ndani ya gari lililofungwa juani joto huwa kubwa zaidi. Muulize muuzaji alivyokihifadhi na kilivyosafirishwa. Ukinunua vihisi vya miezi kadhaa, jua kwanza utakapoviweka.

Simu. Si kila simu inakubali kila programu. Baadhi ya vihisi vilivyonunuliwa nchi nyingine pia hukataa kuunganishwa na programu ya hapa. Hakiki kabla ya kulipa.

Aina ya mtumiaji. Machi 2024 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kihisi cha kununuliwa bila cheti cha daktari. Kiliruhusiwa kwa watu wa miaka 18 na kuendelea wasiotumia insulini, na hakikutengenezwa kutoa kengele ya sukari kushuka. Ndugu akikutumia kihisi kutoka huko nawe unatumia insulini, soma boksi kwanza, kwa kuwa kinaweza kuwa kifaa kisichokufaa.

Saa na pete. Zipo saa na pete zinazotangazwa kuwa hupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba haikuwa imeidhinisha hata moja ya aina hiyo. Saa inayoonyesha namba iliyotumwa na kihisi kilicho mkononi ni jambo tofauti. Ile inayodai kupima yenyewe isitumiwe kuamulia dawa.

8. Kwa asiyemudu mwaka mzima

Kihisi cha siku 14 huhitajika takriban mara 26 kwa mwaka. Cha siku 10, mara 36 au 37. Zidisha kwa bei ya dukani kabla ya kuanza, na uulize bima yako kama inachangia. Familia nyingi haziwezi kubeba gharama hiyo, na hakuna sababu ya kukosa mlo au insulini kwa ajili ya kihisi. Insulini na stripu hutangulia.

Hata hivyo, kihisi kimoja kinachotumiwa kwa mpango kina faida kubwa. Wataalamu hukubali kwamba siku 14 za vipimo, kifaa kikiwa kimefanya kazi walau asilimia 70 ya muda huo, hutoa picha nzuri ya mwenendo wa sukari. Kibandike wiki mbili kabla ya siku ya kliniki. Andika kwenye daftari saa za kula, chakula ulichokula, dozi, kazi na usingizi. Peleka daftari na michoro kwa daktari, naye ataona kwa mfano kwamba sukari hushuka kila usiku saa tisa, jambo ambalo kipimo cha asubuhi kisingemwambia.

Njia hii huwafaa pia wenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu, kwa sababu kipimo cha HbA1c, kinachokadiria wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, huweza kuwapa jibu lisilo sahihi. Lakini anayetumia haidroksiyurea achague aina ya kihisi kwa ushauri wa mtaalamu, kwa sababu iliyoelezwa katika sehemu ya tatu.

9. Ngozi, taka na taarifa

Badilisha mahali pa kubandika kila mara. Safisha ngozi na uiache ikauke. Ukiona wekundu unaosambaa, uvimbe au usaha, toa kihisi na uende kituo cha afya. Kabla ya kipimo cha MRI, mweleze mhudumu kwamba una kihisi. Baadhi ya aina hutakiwa kutolewa. Kibandikio chenye sindano kiwekwe kwenye kopo gumu lenye kifuniko na kipelekwe kituo cha afya. Usichome kihisi moto, kwa kuwa kina betri.

Kihisi kikitoa matokeo yanayopishana sana na kidole mara kadhaa, kikifa kabla ya siku zake au kikikudhuru, usikitupe. Andika tarehe, namba ya toleo, namba zote mbili na saa ulizopima, na jina la duka. Toa taarifa kwa mamlaka husika iliyotajwa hapo juu, moja kwa moja au kupitia kituo chako cha afya. Taarifa ya mtu mmoja inaweza kuonekana ndogo, lakini zikifika kadhaa kuhusu toleo lilelile, huwezesha toleo hilo kuchunguzwa na kuondolewa sokoni kabla halijamdhuru mwingine.

Maswali ya kujipima

1. Simu inaonyesha 12.4. Unatoka jasho na mikono inatetemeka. Ufanye nini?
2. Kengele imelia saa nane usiku ikionyesha 3.4. Ulikuwa umelalia mkono wenye kihisi, na huna dalili yoyote. Ufanye nini?
3. Umekunywa maji ya sukari dakika 15 zilizopita. Kihisi kinaonyesha 3.5, kidole kinaonyesha 5.1. Ufuate kipi?
4. Saa moja baada ya kujichoma insulini ya muda mfupi, sukari bado ni 13.0. Je, uongeze dozi?

Majibu

1. Usijichome insulini. Nawa mikono, pima kidole na ufuate jibu lake. Ikiwa huna namna ya kupima, chukulia kwamba sukari imeshuka na utumie sukari.
2. Geuka, nawa na upime kidole. Ikiwa kiko chini ya 3.9, tumia gramu 15 za sukari.
3. Fuata kidole. Kihisi bado kiko nyuma.
4. La. Dozi ya kwanza bado inafanya kazi. Subiri muda uliopangiwa, kisha pima tena.